Sura ya Tano: Maji ya Mgeni

Kitu cha kwanza alichopewa Inspekta Arbia Gelle alipofika Qoray hakikuwa ushahidi. Kilikuwa kikombe cha maji.

"Kunywa kwanza," Rukiyo alisema. "Maswali hayaozi."

Arbia akanywa. Maji yalikuwa baridi, yametoka kwenye haan, chombo kile cha kusukwa ambacho wanawake wa Kisomali hukifukiza kwa makaa kabla ya kutia maziwa au maji, na yalikuwa na ladha ya moshi. Bibi yake wa Garissa alikuwa na chombo kama hicho. Bibi alikwisha kufa, na chombo kilichukuliwa na jamaa wa mbali aliyekuja msibani na mikono mitupu akaondoka na mzigo. Kwa mafunda matatu Arbia aliwakumbuka wote wawili, bibi na chombo, na akatamani sana kuwa mtoto. Halafu akarudisha kikombe, akawa askari tena.

"Asante, eddo," alisema, akimwita shangazi kama ilivyo adabu. "Sasa nionyeshe kisima."

Rukiyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya Qoray, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru mbuzi. Alikuwa na tabia moja ambayo Arbia aliiona kabla hawajatembea hatua ishirini: popote aliposimama, alisimama akiitazama barabara ya Kutulo. Hata alipokuwa akikujibu wewe, macho yake yalikuwa kule.

Haikuwa siri kwa nini. Qoray ilikuwa na nyumba arobaini hivi na wanaume wanne. Wengine wote walikuwa wameondoka na mifugo miezi kumi na minne iliyopita, pampu ya zamani ya injini ilipokufa, wakafuata habari za mvua hadi Lafey, karibu na mpaka. Khalif, mume wa Rukiyo, ndiye aliyeongoza msafara. Mazizi ya miiba yalikuwa yamelala wazi. Hori la kunyweshea ngamia, lenye urefu wa basi, lilikuwa limejaa vumbi, na watoto walikuwa wakicheza ndani yake.

Mwezi uliopita pampu mpya ya jua ilifungwa. Ikatoa maji siku tisa, kisha ikagoma. Kampuni iliyoifunga ikatuma watu, wakaing'oa kutoka chini, wakaizungusha hapo juu kwa spana, ikazunguka vizuri tu. Basi wakaandika ukurasa mmoja: pampu ni nzima, kilichoharibika ni uaminifu wa mwendeshaji. Mwendeshaji, kijana wa miaka ishirini na sita aitwaye Guled, alikuwa ndiye pekee mwenye ufunguo wa kisanduku cha umeme. Tena alionekana jioni ya siku ya nane akinong'ona na Bishar, mwenye lori la kuuza maji, ambaye pampu ile ilimharibia soko. Guled akalazwa rumande Tarbaj. Kesho saa tatu asubuhi angepelekwa mahakamani Wajir kwa kuhujumu mali ya umma.

"Ana ufunguo, ana nafasi, na ameonekana na mtu mwenye faida," mkuu wa Arbia alikuwa amemwambia. "Unataka nini tena? Nikuletee na kamba?"

Arbia alitaka siku moja. Alimhoji Guled jana mara tatu. Kijana alijibu kila swali kwa adabu, saa, tarehe, nyaya, vifuli, mpaka alipoulizwa alizungumza nini na Bishar. Hapo alifunga mdomo.

"Guled, kesho ni mahakama. Ulimwambia nini?"

"Si langu la kusema, afande."

"Ni la nani?"

Guled akainama. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hawakusema mshindo huo utatoka upande gani.

Pampu ilikuwa imelazwa kwenye maturubai chini ya kibanda cha mabati, karibu na mdomo wa kisima. Pembeni yake alichuchumaa Najib, fundi wa pampu kutoka Garissa ambaye Arbia alimwomba aje kwa sababu hakuwa na undugu na kampuni wala na Qoray. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya jua iliyochakaa, na alikuwa na kasoro moja ya mafundi wote wazuri: aliipenda mashine kuliko swali.

"Nifundishe," Arbia alisema. "Kama mtu ambaye hajawahi kuona pampu."

"Fiti." Najib akafungua nati, akavuta kutoka ndani ya bomba chuma kirefu kinachong'aa, kimepindapinda kama mkia wa nguruwe, astaghfirullah, akajirekebisha mwenyewe, tuseme kama pembe ya tandala. "Hii ndiyo rota. Ina mkunjo mmoja. Sasa chungulia ndani ya bomba. Unaona mpira? Huo ni stata. Mpira una mikunjo miwili. Ukiingiza rota humo haijazi nafasi yote. Zinabaki pengo pengo, vijifuko. Rota ikizunguka, kifuko kinajifunga huku chini na maji ndani, kinapanda, kinapanda, kinafunguka huku juu. Na kabla hicho hakijafunguka kingine kimeshafunga chini. Hizi pampu zingine zinayarusha maji. Hii inayabeba."

"Kwa nini walichagua ya aina hii?"

"Hapo hawakukosea. Kisima ni kirefu, mita mia moja na themanini, na maji yake ni ya polepole. Pampu ya kurusha inataka mbio, na asubuhi jua likiwa dogo haina nguvu ya kufikisha maji juu. Hii hata ikizunguka pole inabeba kidogo kidogo, lakini inafikisha. Kisima kikiwa kirefu zaidi unachagua rota ndefu zaidi, vifuko vingi, vigawane uzito. Ukitaka maji mengi kwa saa, unatafuta ya vifuko vinene au unaongeza mzunguko. Kukiwa na mchanga, unapunguza mzunguko, mpira usiliwe."

"Na mtu akitaka kuiua?"

Najib akacheka. "Hiyo ni rahisi. Iendeshe bila maji. Maji ndiyo mafuta yake. Dakika chache tu mpira unaungua, unanuka kama tairi la maandamano."

Arbia akalala kifudifudi juu ya maturubai, sare na yote, akaingiza pua kwenye bomba. Rukiyo akageuza uso asicheke. Hakukuwa na harufu ya kuungua. Arbia akawasha tochi ya simu. Mpira ulikuwa laini, mweusi, mzima.

"Haikuendeshwa kavu," alisema.

"Haikuendeshwa kavu," Najib alikubali.

"Mchanga? Mkuu wangu anadhani Guled alilipwa amwage mchanga kisimani."

Najib akamkabidhi rota. "Pitisha kucha."

Arbia akapitisha kucha toka mwanzo hadi mwisho. Haikukwama popote. Chuma kilikuwa kimeng'aa vile vile kama siku kilipotoka kiwandani, isipokuwa upande wa nje wa mikunjo, ambako kulikuwa na utepe mwembamba wa weusi uliopakaa. Akausugua kwa kidole. Ulikuwa mpira.

"Hii ni nini?"

Fundi akakunja uso, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hii ni kubanwa," alisema. "Lakini hapa juu inazunguka vizuri. Hebu ona." Akairudisha rota, akaikamata kwa spana, ikazunguka bila kelele. "Sielewi."

Arbia alilipenda neno hilo kutoka kwa fundi. Akaomba daftari la Guled.

Lilikuwa daftari la shule, limeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyeheshimu kazi. Kila siku Guled alikuwa ameandika saa pampu ilipoanza kutoa maji. Siku ya kwanza, saa moja na nusu asubuhi. Ya tatu, saa mbili na robo. Ya tano, saa tatu. Ya saba, saa nne na nusu. Ya nane, saa tano na dakika arobaini. Siku ya tisa alikuwa ameandika "imekataa" na chini yake, kwa herufi ndogo, "ya Rabi."

Kampuni ilikuwa imeipigia mstari mwekundu orodha hiyo yote na kuandika pembeni: uvivu, alikuwa akilala.

"Eddo, Guled alikuwa akichelewa kufungua?"

"Guled?" Rukiyo aliacha hata kutazama barabara. "Guled alikuwa akiswali alfajiri hapa hapa, juu ya mkeka, kisha anakaa na ile mashine kama mtu anayengoja ng'ombe azae. Anawasha jua likitoka. Yenyewe ndiyo ilikuwa inangoja. Kila siku inangoja zaidi. Nilidhani ni mambo ya mashine."

Arbia akamgeukia Najib. "Pampu ya jua. Kila siku inaanza kwa kuchelewa. Maana yake nini?"

Najib alikuwa amekwisha kusimama. "Maana yake inataka jua kali zaidi ndiyo ianze. Leo inaanza na jua la saa moja, kesho haliitoshi. Kuna kitu kinaikamata, na kila siku kinakaza."

"Mtu mvivu huchelewa ovyo," Arbia alisema. "Leo mapema, kesho saa sita. Hapa hakuna siku hata moja iliyorudi nyuma." Akalifunga daftari. Guled alikuwa ameandika ushahidi wa kujitetea kwa mkono wake, na watu wakausoma kama ungamo.

Lakini bado alikuwa na lile la Bishar, na hakimu asingeuliza habari za mikunjo.

Bishar mwenyewe alifika saa tano, na lori lake la maji, vumbi likimtangulia. Wanawake wakapanga madumu ya manjano. Arbia alimngoja ashuke, akamsalimia kwa Kisomali. Bishar akajibu kwa Kiswahili, kama wafanyavyo watu wa huku wanapotaka kumkumbusha askari kwamba yeye ni serikali.

"Afande, mimi iko na lori. Bambu ya maji sina habari yake."

"Siku ya nane jioni Guled alikuja kwako. Mlizungumza nini?"

"Alisalimia."

"Salamu ya robo saa? Kwa kunong'ona?"

Bishar akafuta jasho kwa kilemba. Alikuwa mzee mnene, mchovu wa macho, na Arbia aliona kwamba hakuwa na woga. Alikuwa na haya.

"Afande, wewe mtoto ya watu fizuri. Hiyo maneno mimi nilibeba, nilibeleka Lafey, nikamaliza. Si maneno ya Guled, si maneno ya Bishar. Iko na mwenyewe. Ukitaka funga mimi, funga."

"Ulipeleka maneno Lafey?"

Bishar akagundua ametoa zaidi ya alivyokusudia. Akapanda lori, akajishughulisha na bomba la maji ambalo halikuwa na shida yoyote.

Lafey. Arbia akageuka taratibu. Rukiyo alikuwa kwenye foleni ya madumu, na safari hii hakuwa akiitazama barabara. Alikuwa akitazama chini.

Arbia hakumwendea. Mtu mwenye siri ukimkimbilia huifungia ndani. Mwache apike chai, itachemka yenyewe. Akarudi kibandani, akafungua faili la mradi ambalo alikuwa amelidai ofisini siku mbili mpaka akapewa.

"Najib. Umesema unachagua kwa kina, kwa wingi wa maji, kwa mchanga. Kuna kingine?"

"Mafuta, kama yapo, maana kuna mpira yanauvimbisha. Na joto. Joto ni muhimu sana. Mpira ukipata joto unatanuka, na kwa nje umebanwa na bomba la chuma. Sasa utatanukia wapi? Ndani. Ndiyo maana rota zinakuja saizi mbalimbali. Maji ya baridi, rota nene. Maji ya moto, unachukua nyembamba, mpira upate pa kuvimbia." Akalitazama faili. "Wameandika joto ngapi?"

Arbia akapitisha kidole kwenye fomu. Ilijazwa na Ahmednoor, injinia wa mradi, miezi kumi na minne iliyopita, wiki ile ile injini ya zamani ilipokufa. Kina: mita 180, kutoka ripoti ya wachimbaji. Mchanga: hakuna. Joto la maji: nyuzi 27.

"Ishirini na saba," alisema.

Najib akatazama kisima, akatazama jua, akatazama tena kisima. "Mita mia na themanini? Hapa? Ishirini na saba? Kina hicho maji ni ya moto!"

Arbia hakumsikia. Jicho lake lilikuwa limeshuka mstari mmoja. Harufu na ladha: *moshi kidogo*.

Alisimama pale na fomu mkononi. Ardhi haifuki moshi mita mia moja na themanini chini. Moshi uko kwenye makaa, makaa yako kwenye mikono ya wanawake, na asubuhi hii hii alikuwa ameunywa mwenyewe na kumkumbuka bibi yake. Maji aliyopima Ahmednoor hayakutoka kisimani. Yalitoka kwenye haan.

Akapanda kwenye ngazi ya tangi, mahali pekee Qoray penye mtandao, akampigia.

"Injinia, siku uliyopima Qoray, maji uliyachota wapi?"

"Kisimani," Ahmednoor alisema kutoka Garissa.

"Kwa mkono wako?"

"Injini yao ilikuwa imekufa. Niliomba maji ya kisima, wakaniletea. Walisema ndiyo ya mwisho waliyokuwa wameyaweka. Nikatia kipimajoto kwenye jagi. Inspekta, kuna tatizo?"

"Nani alikuletea?"

"Mama mmoja. Mwenyekiti. Walinikaribisha vizuri sana."

Kuteka maji ya mita mia moja na themanini bila pampu si mchezo. Najib alifunga chupa nzito ya chuma mwisho wa kamba, akaiteremsha kisimani, na kamba ikafungwa kwa punda, punda akaswagwa kuelekea magharibi mpaka akawa mdogo. Watoto walitoka kwenye hori kuja kutazama. Chupa ilipotokeza, Najib aliikamata kwa kiganja akaiachia haraka, kisha akatia kipimajoto.

"Arobaini na moja," alisema. "Na imepoa njiani."

"Sasa nionyeshe. Nataka kuona kwa macho."

Wakaomba sufuria kubwa na moto. Wakapasha maji ya Bishar mpaka yalipofika nyuzi arobaini na moja, wakayamimina kwenye nusu pipa, wakaizamisha pampu, wakafunika kwa magunia, wakawa wanaongeza ya moto kila yalipopoa. Saa moja ikapita. Ikapita ya pili. Adhuhuri ikaswaliwa. Arbia alimpigia mkuu wake akamwomba asitie sahihi hati ya mashtaka, akaambiwa ana mpaka saa kumi na moja, wala si dakika zaidi.

Saa nane Najib alishika rota kwa spana. Akavuta. Akaweka mguu kwenye pipa, akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hata punda hawezi," alisema akihema.

Pampu ile ile, kivulini, ilizunguka kama mchezo. Ndiyo maana kampuni iliiona nzima. Waliing'oa, ikapoa, ikawadanganya. Siku za kwanza chini kule mpira ulikuwa mpya na mkavu. Ukanyonya maji na joto kidogo kidogo, ukaikumbatia rota kila siku zaidi, mpaka jua lote la Qoray halikutosha kuiachanisha.

"Mota?" Arbia aliuliza.

"Salama. Kisanduku kilikata umeme chenyewe. Wanachohitaji ni rota nyembamba tu, ya maji ya moto. Haiko Garissa, haiko Wajir. Nairobi wakiwa nayo, siku kumi na mbili kufika na kufungwa. Alhamdulillahi, si kisima kipya."

Arbia alimkuta Rukiyo nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Chai ilikuwa tayari. Ilikuwa imechemka, kama alivyotarajia, na Rukiyo alianza kusema kabla hajaulizwa, lakini alianza na lile jingine.

"Guled hana kosa. Maneno yalikuwa yangu. Bishar alikuwa anakwenda Lafey na mzigo. Nilimwambia Guled, mwambie Bishar amwambie Khalif." Mama yule wa sauti ya kuamuru mbuzi sasa ilibidi Arbia amsogelee ndiyo amsikie. "Mwambie maji yapo. Mwambie mkeka wake bado nautandika upande wake. Nina wajukuu, mwanangu. Mwanamke wa umri wangu hatumi maneno hayo kwa midomo ya vijana. Nilimwapisha. Sikujua wangemfunga kwa ajili yake, na walipomfunga nikasema watamwachia tu kesho, kesho tena. Nikaona haya kuliko nilivyomwonea huruma. Mungu anisamehe."

Arbia aliandika. Kisha akaweka kalamu chini, kwa sababu lililobaki lilikuwa gumu zaidi.

"Eddo, injinia alipokuja, ulimpa maji gani?"

Uso wa Rukiyo ukachangamka kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari ya harusi. "Yale ya mwisho ya kisima! Nilikuwa nimeyaweka siku mbili. Maji yetu hutoka ya moto, yanaunguza ulimi. Mgeni hapewi maji ya moto, hiyo ni aibu ya nyumba. Nilifukiza haan yangu bora, nikaizungushia gunia bichi, nikaitundika kwenye upepo. Alipokuja akasema naomba maji ya kisima chenu, nikajua Mungu ameniwekea. Akanywa kwanza, akasifu. Halafu akatia kile kijiti chake."

"Hakuuliza kama yamepozwa?"

"Nani huuliza hivyo? Na mimi ningesemaje, kwamba nimejisumbua kwa ajili yake? Wema hautangazwi."

Arbia akamweleza. Alitumia mikono, kama Najib: rota hii, mpira huu, joto likiingia, mpira ukivimbia ndani. Alieleza polepole, akitamani mwisho usifike. Alisema pia kwamba kosa la kwanza ni la injinia, ambaye alipaswa kupima mdomoni mwa kisima na si mdomoni mwa jagi, na hilo lilikuwa kweli, na Rukiyo hakulisikia.

"Kwa hiyo ni mimi," Rukiyo alisema.

"Ni fomu, eddo."

"Miezi kumi na minne namngoja. Maji yakaja, na mimi ndiye niliyeyafunga." Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta. "Kwa haan yangu bora."

"Siwezi kumtoa Guled bila maelezo yako. Yote mawili, ya maji na ya maneno. Yatasomwa na watu."

Rukiyo alinyoosha kidole gumba kabla Arbia hajamaliza. "Leta wino. Kijana wa watu amelala sakafuni siku sita kwa ajili ya mkeka wangu."

Saa kumi na robo Arbia alipanda tena ngazi ya tangi, akamsomea mkuu wake maelezo yote pamoja na nyuzi joto, saa za daftari na jina la fundi. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ni kweli kuhusu punda. Saa kumi na moja kasoro kituo cha Tarbaj kikapiga simu: Guled ametoka, yuko njiani kwa gari la serikali, anauliza nani amelisha mbuzi wake.

Kesi ilikuwa imekwisha. Arbia alikuwa anakunja faili alipomwona Bishar akishuka mbio ngazi ya tangi, na watu wa umbo la Bishar hawakimbii bila sababu.

"Inspekta," alisema, na safari hii alisema kwa Kisomali. "Khalif alipokea yale maneno. Aliondoka Lafey siku ile ile na mifugo yote. Ndugu yangu mwenye duka Kutulo amenipigia sasa hivi, wamefika kwake. Ngamia sabini, mbuzi zaidi ya mia mbili. Alfajiri wanaondoka kuja hapa. Siku nne, hakuna maji njiani, hakuna mtandao."

Hakuna aliyehitaji kufanya hesabu. Siku nne kufika. Hori tupu. Siku nne kurudi. Ngamia labda. Mbuzi hapana, na watoto waliokuwa na msafara Arbia hakutaka hata kuwafikiria. Lori moja la Bishar lilitosha nyumba arobaini kwa shida.

"Mpigie umwambie asije," Arbia alisema.

"Nimempigia. Hanisikii. Anasema mimi muuza maji, nina faida yangu. Anasema maneno aliyopata yametoka kwa mkewe, na mkewe hajawahi kumdanganya."

Wote wawili wakamtazama Rukiyo, aliyekuwa amesimama chini ya tangi. Alikuwa amesikia. Alipanda ngazi peke yake, akikataa mkono wa Arbia, akachukua simu ya Bishar kwa mikono miwili. Kutulo wakatuma mtu kumwita Khalif. Ilichukua dakika nzima, na katika dakika hiyo Arbia alisikia, kupitia kipaza sauti cha simu, kengele za mbao za ngamia.

"Rukiyo?" Sauti ya mwanamume ikasema. Ilikuwa imechoka na ilikuwa ikicheka. "Rukiyo, ni wewe? Nimekaribia. Huyu mlaghai wa maji anataka kunirudisha Lafey."

Rukiyo akaibana simu kwa mikono yote miwili.

"Rukiyo? Unataka nije au hutaki?"

Aliitazama barabara ya Kutulo, ambayo kutoka juu pale ilionekana yote mpaka inapozama kwenye vichaka.

"Nataka," alisema. "Usije."